Kukataa, Kuangusha, Kupindua: Geita ya 1958, Tunisia ya 2011 na Msamiati wa Mageuzi katika Kiswahili

1. Utangulizi

Mhadhara huu unahusu maneno. Lakini ni maneno ambayo watu wamewahi kupigwa mabomu ya machozi, kufungwa na hata kufa kwa sababu yake. Swali langu ni jepesi kulitamka, ila jawabu lake si jepesi: watu wa kawaida wanapoinuka dhidi ya utawala, Kiswahili kinawaita nani, na tendo lao kinaliita nini?

Nimechagua matukio mawili. La kwanza lilitokea katika wilaya ya Geita mwaka 1958, wakati Tanganyika ingali chini ya Waingereza. La pili lilitokea Tunisia kati ya Desemba 2010 na Januari 2011, nalo likawa chanzo cha mfululizo wa maasi katika nchi za Kiarabu. Katikati ya hayo mawili nitaweka Mapinduzi ya Zanzibar ya tarehe 12 Januari 1964, kwa kuwa ndiyo yaliyolipa neno "mapinduzi" uzito lilio nao katika lugha yetu.

Huenda mtu akauliza: Geita na Tunisia zina uhusiano gani? Moja ni ardhi ya pamba, ng'ombe na dhahabu kusini mwa Ziwa Viktoria. Nyingine ni nchi ya zeituni na fosfati ukingoni mwa Bahari ya Kati. Nitajaribu kuonyesha kwamba uhusiano upo wa namna mbili. Upo uhusiano wa mambo yenyewe: katika pande zote mbili, mkulima, mchuuzi na mchimbaji walichoshwa na mizani isiyo ya haki. Na upo uhusiano wa lugha: maneno mengi ambayo Watunisia na Wamisri waliyapaza viwanjani yamo katika kamusi zetu, lakini yamevaa maana nyingine. Tofauti hizo za maana zinatufundisha jambo kuhusu sisi wenyewe.

2. Geita, 1958

Ili tuelewe yaliyotokea Geita, yatupasa turudi nyuma miaka michache. Baada ya Vita Vikuu vya Pili, serikali ya kikoloni ilianzisha Mpango wa Maendeleo wa Usukuma, uliotekelezwa kuanzia mwaka 1947 hadi katikati ya miaka ya 1950. Mpango ulikuwa na shabaha ya kuhifadhi udongo na kuongeza mazao, lakini ulimfikia mwananchi kwa sura ya amri: lima matuta, weka samadi, punguza ng'ombe, na asiyetii atozwe faini. Waliosimamia amri hizo walikuwa watemi na wanangwa, ambao kwa desturi walipaswa kuwa wasemaji wa watu. Mtemi, ambaye jina lake linatokana na kitenzi cha kutema, yaani kukata, sasa alionekana kuwa mkono wa Bwana Shauri.

Wakati huohuo palikuwa na suala la pamba. Wakulima walilalamika kwamba wanunuzi waliwapunja katika kupima. Mnamo mwanzoni mwa miaka ya 1950, wakulima wa Kanda ya Ziwa walianza kuweka wapimaji wao wenyewe kwenye vituo vya kununulia, ili kila furushi lipimwe mbele ya macho mawili. Kutokana na jitihada hizo, zilizoongozwa na watu kama Paul Bomani, kulizaliwa vyama vya ushirika vilivyoungana kuwa Victoria Federation of Co-operative Unions, mojawapo ya miungano mikubwa kabisa ya ushirika barani Afrika. Katikati ya muongo huo muungano ulikuwa na kinu chake cha kuchambulia pamba huko Kasamwa, wilayani Geita. Msingi wa chombo kikubwa namna hiyo ulikuwa mizani.

Chama cha TANU kilianzishwa tarehe 7 Julai 1954, lakini kuanzia mwishoni mwa mwaka huohuo hadi 1958 hakikuruhusiwa kufanya kazi katika sehemu kubwa ya Usukumani. Kwa hiyo ushirika ulibeba mzigo ambao kwingineko ulibebwa na chama. Vyama vya ngoma pia, Bagika na Bagalu, vilikuwa na mtandao uliopita kila kijiji, na manju aliyetunga wimbo leo aliweza kusikika mbali baada ya majuma machache.

Katika hali hiyo serikali iliamua kuunda katika wilaya ya Geita baraza la mchanganyiko wa rangi, ambamo Wazungu na Waasia wangekaa pamoja na Waafrika. Kwa Kiswahili cha siku zile siasa hiyo iliitwa mseto. Hebu tulitazame neno hilo. Mseto ni chakula cha mchele na choroko vilivyopikwa pamoja. Ni chakula kizuri. Lakini kwa mkulima wa Geita, mseto wa baraza ulikuwa na hila: idadi ya Wazungu na Waasia wilayani ilikuwa ndogo mno, na hivyo kuwapa viti rasmi kulikuwa ni kuwaweka juu ya wenyeji kwa sheria. Zaidi ya hayo, walihofia kwamba baraza la namna hiyo lingefungua mlango wa ardhi yao kuchukuliwa.

Wananchi walikataa. Walikusanyika mbele ya ofisi za serikali, wakagoma kutii amri za utawala wa wenyeji, na hatimaye umati mkubwa ukafunga safari kutoka Geita hadi Mwanza kupeleka malalamiko kwa wakuu wa jimbo. Polisi walitumia mabomu ya machozi kuwatawanya, na waliotajwa kuwa viongozi walikamatwa. Hata hivyo, serikali ilitambua kwamba wilaya haitawaliki bila ridhaa ya wanaotawaliwa. Hatimaye mpango wa baraza la mseto uliachwa, na mwaka huohuo wa 1958 TANU ikapata tena nafasi Usukumani.

Jambo moja lastahili kutiliwa mkazo. Mwezi Januari 1958, katika mkutano wa Tabora, TANU ilifikia ule unaojulikana kama Uamuzi wa Busara: chama kilikubali kushiriki uchaguzi wa kura tatu, ambapo kila mpiga kura alitakiwa kuchagua Mwafrika, Mwasia na Mzungu. Kwa maneno mengine, chama kilikubali mseto kwa muda ili kiufikie uhuru. Wakulima wa Geita, katika mwaka uleule, walikataa mseto papo kwa papo. Sisemi kwamba Tabora walikosea. Historia imeonyesha faida ya uamuzi wao. Nasema tu kwamba Geita haikuwa tawi la Tabora. Watu wale walikuwa na fikra zao, na walizitekeleza.

3. Tunisia: kutoka Redeyef hadi Tunis

Masimulizi mengi kuhusu Tunisia huanza tarehe 17 Desemba 2010 katika mji wa Sidi Bouzid, ambapo mchuuzi wa matunda, Mohamed Bouazizi, alijichoma moto mbele ya ofisi ya serikali baada ya bidhaa zake na mizani yake kuchukuliwa. Alifariki tarehe 4 Januari 2011, na siku kumi baadaye, tarehe 14 Januari, Rais Zine El Abidine Ben Ali, aliyekuwa ametawala tangu 1987, aliikimbia nchi. Msikilizaji wa Kitanzania hahitaji tafsiri ya kisa hiki. Kwetu mtu yule angeitwa machinga, na kilichompata kinajulikana kwa kila mwenye kupanga bidhaa kando ya barabara.

Lakini kwa sisi tunaotazama mambo kutokea ukanda wa madini, mwanzo halisi uko nyuma kidogo, katika bonde la Gafsa. Huko fosfati iligunduliwa mwaka 1885, na kampuni ya kuichimba ikaundwa mwaka 1897 chini ya utawala wa Kifaransa. Baada ya uhuru kampuni ikawa ya dola. Utajiri ulitoka ardhini, ukapakiwa katika mabehewa na kwenda pwani. Miji ya migodi, yaani Redeyef, Oum Larayes, Metlaoui na Mdhilla, ikabaki na vumbi na vijana wasio na kazi. Tarehe 5 Januari 2008, matokeo ya usaili wa ajira katika kampuni yalipotangazwa, watu wa Redeyef waliyaona kuwa yamejaa upendeleo. Wakaingia barabarani: vijana, walimu, wajane wa wachimbaji. Mgogoro ulidumu takriban miezi sita. Mwezi Juni risasi zilipigwa na kukawa na vifo. Viongozi wa harakati, akiwamo mwalimu na mwanachama wa umoja wa wafanyakazi Adnane Hajji, walihukumiwa vifungo.

Mwaka 2008 Redeyef ilishindwa, na mwaka 2011 Tunis ilishinda. Wanahistoria wengi huona kwamba la pili lisingekuwa jepesi bila la kwanza. Vivyo hivyo uhuru wa tarehe 9 Desemba 1961 hauelezeki vizuri bila kuitaja Geita ya 1958. Katika nchi zote mbili, pembezoni palitangulia na mji mkuu ukafuata. Na katika nchi zote mbili sherehe za kitaifa huelekea kuukumbuka mji mkuu zaidi.

4. Vitenzi vitatu

Sasa tuingie katika lugha. Napendekeza tuyaainishe matukio haya kwa vitenzi vyake, kwa kuwa kitenzi ndicho kinachobeba nia ya mtendaji.

Kitenzi cha Geita ni kukataa. Watu walikataa baraza, walikataa amri, walikataa kuondoka uwanjani. Kukataa hakuhitaji kujua kitakachokuja baadaye. Ni kuondoa ridhaa. Serikali ya kikoloni iliyokuwa na maofisa wachache katika eneo kubwa iliitegemea mno ridhaa hiyo, na ndiyo maana kukataa peke yake kulitosha.

Kitenzi cha Tunisia na Misri ni kuangusha. Kauli iliyosikika Tunis na baadaye katika uwanja wa Tahrir mjini Cairo, kuanzia tarehe 25 Januari hadi Hosni Mubarak alipojiuzulu tarehe 11 Februari 2011, ilikuwa *ash-shaab yurid isqat an-nidham*: umma unataka kuangusha utawala. Kitenzi cha kutaka kilichomo ndani yake kiliwakumbusha wasikilizaji wa Kiarabu shairi mashuhuri la Mtunisia Abu al-Qasim al-Shabbi, aliyefariki mwaka 1934 akiwa kijana wa miaka ishirini na tano. Kuangusha kunakwenda mbali zaidi ya kukataa, lakini nako hakusemi kitu gani kitasimamishwa.

Kitenzi cha Zanzibar ni kupindua. Kupindua ni kugeuza chini juu: kilichokuwa chini kikae juu. Usiku wa kuamkia tarehe 12 Januari 1964, serikali iliyokuwa na umri wa mwezi mmoja tu tangu uhuru wa Desemba 1963 ilipinduliwa, Sultani Jamshid bin Abdullah akaondoka, na Sheikh Abeid Amani Karume akawa Rais. Kitenzi hiki kinadai dola yenyewe. Na kwa kweli dola ililichukua neno: tukapata Baraza la Mapinduzi, Serikali ya Mapinduzi, na tarehe 5 Februari 1977, Chama cha Mapinduzi.

Hapo ndipo lugha yetu ilipopata tatizo ambalo Kiarabu hakina. Kiarabu cha leo hutofautisha *thawra* na *inqilab*. Neno la kwanza latokana na mzizi wenye maana ya kutibuka na kuinuka. Ndilo la heshima. Neno la pili latokana na mzizi wa kugeuza, na kwa sura ni pacha wa mapinduzi yetu. Lakini katika matumizi ya sasa ni kunyakua madaraka kwa nguvu za jeshi. Jeshi la Misri lilipomwondoa Rais Mohamed Morsi tarehe 3 Julai 2013, nchi nzima iligawanyika juu ya uchaguzi wa neno: waliomwunga mkono walisema *inqilab*, waliompinga walisema *thawra*. Mtu alijulikana upande wake kwa neno moja.

Kiswahili hakina mgawanyo huo. Umma ukiinuka ni mapinduzi; kanali mmoja akiteka kituo cha redio alfajiri ni mapinduzi; viwanda vikikua ni mapinduzi. Tukitaka kutofautisha, tunaongeza maneno: mapinduzi ya kijeshi, mapinduzi ya umma, Mapinduzi Matukufu. Na kwa kuwa neno limekwisha kuwa jina la dola na la chama tawala, mwandishi anayetaka kueleza watu walioinuka dhidi ya serikali hulikwepa. Hulikimbilia neno ghasia, au vurugu, au fujo, au machafuko. Maneno haya yote yana kasoro moja: yanataja kelele na kuacha madai. Yanamweleza msomaji kwamba kulikuwa na vumbi, lakini hayamwambii nani alilitimua na kwa nini.

Limebaki neno uasi. Hili nalo lina historia. Asili yake ni Kiarabu, nalo limeingia kwetu pamoja na mafundisho ya dini na malezi: mtu humwasi Mungu, mtoto humwasi mzazi. Anayeliita tukio la Geita uasi, hata kama hakukusudia, amekwisha kumweka Bwana Shauri katika nafasi ya baba. Nakiri kwamba nami nalitumia neno maasi katika mhadhara huu kwa kukosa bora zaidi. Ila nalitumia huku nikiwatahadharisha.

5. Mizani, nidhamu, karama

Nimetaja kwamba maneno ya viwanja vya Kiarabu yamo katika kamusi zetu. Nitayachunguza matatu.

La kwanza ni nidhamu. Katika kauli niliyoinukuu, *nidham* ni utawala, mfumo mzima wa kutawala. Kiswahili kiliazima neno hilohilo, lakini likabaki na maana ya utii na mwenendo mzuri: nidhamu ya mwanafunzi, nidhamu ya askari, nidhamu ya kazi. Mswahili asiyejua Kiarabu akiisikia kauli ile atadhani umma unataka kuangusha adabu! Tofauti hii si ya kuchekesha tu. Katika Kiarabu neno laweza kumwelekea mtawala. Katika Kiswahili laelekea kwa mtawaliwa peke yake. Kwa mtawala tunatumia utawala, ambalo ni tendo lake, au mfumo, ambalo ni neno la kitaalamu lisilo na joto. Ndiyo maana wakulima wa Geita wakakumbukwa kwa kukosa nidhamu, ilhali wao walikuwa na nidhamu ya hali ya juu: walitembea safari ndefu, walijilisha, walikubaliana. Miaka ya 1980, watu wa Shinyanga waliposhindwa kupata ulinzi dhidi ya wezi wa mifugo, waliunda Sungusungu, na hadi leo twabishana kama ile ilikuwa nidhamu au ukiukaji wake.

La pili ni karama. Watunisia waliyaita mapinduzi yao mapinduzi ya uhuru na *karama*, wakikusudia hadhi na utu. Kwetu karama ni kipawa atoacho Mungu, na kutokana na mzizi uleule tuna karamu, ukarimu na takrima. Yaani hadhi ambayo kule ni haki ya mtu, huku imekuwa zawadi anayopewa. Mfano ulio wazi kabisa ni huo wa takrima: sheria ya mwaka 2000 iliruhusu wagombea wa Tanzania kuwakirimu wapiga kura, hadi Mahakama Kuu ilipobatilisha kifungu hicho mwaka 2006. Mzizi mmoja wa herufi tatu, katika nchi moja umewatoa watu barabarani kudai utu, katika nyingine umewakalisha mkekani kusubiri pilau. Mtafsiri akikuta *karama* katika maandishi ya 2011, asiandike karama. Aandike utu, au heshima.

La tatu ni mizani, na hili halikubadilika. Mizani ya Kiarabu na mizani ya Kiswahili ni moja, na mzizi wake ni wa kupima kwa haki. Mizani ya pamba iliwakusanya wakulima wa Kanda ya Ziwa. Mizani ya mchuuzi ilipochukuliwa Sidi Bouzid, nchi ilitikisika. Wanafunzi wa fasihi mnaongeza maana yetu wenyewe: mizani ni idadi ya silabi katika mshororo, na shairi lililopungukiwa mizani huitwa guni. Ni ajabu kidogo, na ni faraja, kwamba katika lugha yetu neno moja linatumika kwa shairi lililokamilika na kwa biashara isiyomdhulumu mtu.

6. Yaliyofuata ushindi

Ulinganisho usiotazama matokeo ni nusu ya kazi. Tunisia ilifanya uchaguzi wa Bunge la Katiba Oktoba 2011, ikapata katiba mpya Januari 2014, na mwaka 2015 asasi zake nne za kiraia zikatunukiwa Tuzo ya Amani ya Nobel. Kisha, tarehe 25 Julai 2021, Rais Kais Saied alilisimamisha bunge, na mwaka uliofuata katiba nyingine ikapitishwa iliyompa rais mamlaka makubwa. Katika bonde la Gafsa, malalamiko ya ajira yaliendelea chini ya kila serikali.

Geita nayo ilipata iliyoyataka, kisha ikapoteza sehemu yake. Utawala wa watemi ulifutwa mwaka 1963. Mwaka 1965 nchi ikawa ya chama kimoja. Mwaka 1976 vyama vya ushirika, vilivyozaliwa na mizani ya wakulima na kuwa ngome yao wakati TANU imezuiwa, vilivunjwa na serikali ya wananchi wenyewe. Vikaruhusiwa tena kwa sheria ya mwaka 1982, lakini nguvu yake ya awali haikurudi.

Funzo ninaloliona ni hili: wanaokataa huwapisha wanaotawala, na wanaotawala ndio huandika jina la tukio. Jina likiwa la dola, watu huondoka ndani yake. Mwanafunzi wa leo hukutana na Geita ya 1958, kama akikutana nayo, katika aya moja inayohusu ukuaji wa chama. Mkulima aliyetembea hadi Mwanza amekuwa mfano wa jambo la mwingine.

7. Majina ya leo katika ukanda wa dhahabu

Msifikiri kwamba haya ni ya kale. Mkoa wa Geita ulizaliwa rasmi mwaka 2012, lakini dhahabu yake ilichimbwa tangu enzi za Mwingereza, kama almasi ya Mwadui, Shinyanga, iliyogunduliwa na John Williamson mwaka 1940. Mgodi mkubwa wa kisasa wa Geita ulianza uzalishaji mwaka 2000, na ule wa Bulyanhulu mwaka 2001. Agosti 1996 maelfu ya wachimbaji waliondolewa Bulyanhulu kupisha kampuni; kuhusu yaliyotokea siku zile, madai na makanusho yamepishana kwa miaka mingi.

Tazameni majina. Mtu yuleyule, mwenye sururu ileile, ni mchimbaji mdogo akiwa na leseni au akitakiwa kura. Akivuka uzio huwa mvamizi. Lakini kuvamia ni kuingia mahali usipotoka. Mtu aliyezaliwa hapo kabla ya uzio anavamia kitu gani? Sijibu swali la kisheria. Nasema kwamba neno limekwisha kulijibu kabla ya hakimu. Kwa upande mwingine, wananchi nao wana kiwanda chao cha maneno. Mawe ya mabaki ya mgodi waliyaita magwangala, na chini ya jina hilo wakadai haki ya kuyachambua. Mwaka 2017, serikali ilipozuia usafirishaji wa mchanga wa madini, nchi nzima ilijifunza neno makinikia kwa siku chache, na neno hilo liliwawezesha watu wa kawaida kujadili jambo ambalo awali lilikuwa la wahandisi na wanasheria. Machi 2019 soko la madini lilifunguliwa Geita, ili mchimbaji auze mbele ya mizani inayotambulika. Wajukuu wa wale waliosimama kwenye mizani ya pamba sasa wanasimama kwenye mizani ya dhahabu.

8. Hitimisho

Nimejaribu kuonyesha mambo matatu. Kwanza, kwamba Geita ya 1958 na Tunisia ya 2011 zinafanana katika chanzo: upimaji usio wa haki, wapatanishi waliogeuka mawakala wa dola, na pembezoni kutangulia mji mkuu. Pili, kwamba zinatofautiana katika kitenzi: moja ilikataa, nyingine iliangusha, na hakuna hata moja iliyopindua kwa maana ya Zanzibar. Tatu, kwamba Kiswahili kimepungukiwa na jina la tendo la umma lisilo tusi wala mali ya dola.

Sipendekezi neno jipya. Maneno hayatungwi mhadharani yakakubalika. Hutoka kwa wenye haja nayo. Ninachopendekeza ni kazi. Waliokuwa vijana wa miaka ishirini Geita mwaka 1958 leo wamepita umri wa miaka themanini. Baadhi yao wangali hai, Geita, Sengerema, Kahama na Shinyanga vijijini. Wanajua tukio lile liliitwaje kwa Kisukuma na Kizinza, manju waliimba nini, na walipoingia Mwanza waliambiana neno gani. Idara zetu za Kiswahili na za historia ziwapeleke wanafunzi huko na vinasa sauti, na mapema, maana kila msimu wa mvua unapungua mlango mmoja wa kubisha. Safari yenyewe imekuwa fupi: ghuba iliyowatenga na Mwanza sasa inavukwa kwa Daraja la J. P. Magufuli, Kigongo hadi Busisi, lililofunguliwa mwaka 2025.

Wahenga walisema, mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni. Haki ya kwanza ya mtu aliyekataa ni kuitwa kwa jina la alichokifanya. Tukiisha kulipata jina hilo kutoka vinywani mwao, tuliingize katika kamusi na katika vitabu vya shule, kisha tubishane juu yake kadiri tutakavyo.